SIKU ZA SEKELA

SEHEMU YA KWANZA

Lori la ndizi la kwenda Dar es Salaam liliegeshwa kando ya lami kabla hakujapambazuka, na wanawake wa Kyimo wakajipanga kupakia. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa Rungwe unaolowesha mpaka kope, hata kosta za Kyela zilisikika honi kabla taa zake hazijaonekana. Sekela alipandisha mkungu wa kwanza. Akapandisha wa pili. Wa tatu ulimponyoka, ukagonga ukingo wa bodi, chane zikatawanyika topeni.

"Wewe! Hizo ndizi zina mwenyewe!" kuli alifoka kutoka juu.

Hakujibiwa. Sekela alikuwa ameshalala ubavu chini, magoti ameyavuta hadi kifuani, meno yameuma upindo wa kitenge. Hakupiga kelele. Alishajifunza zamani kwamba kelele hazipunguzi kitu.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza mama mmoja muuza maparachichi.

"Kumi na nne."

"Basi ni chango lake. Mwezi jana si alianguka pale kwenye mzani?"

Wakamwinua, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mwanamke mmoja wa kumshikilia, kisha wakarudi kwenye ndizi zao. Chango halikuwa jambo la kusimamisha lori. Kila mwanamke pale sokoni alikuwa na lake, au alikuwa na dada mwenye nalo, na wote walilelewa na neno moja: vumilia, ndivyo tulivyoumbwa.

Muuzaji wa duka la dawa hakumuuliza kitu. Alishamzoea. Alimchoma sindano ya diklofenaki, akahesabu vidonge vya doksi na flajili, akavifunga kwenye bahasha ndogo. "PID hiyo, maambukizi ya kizazi. Safari hii umalize dozi."

Sekela alikuwa anamaliza dozi kila safari. Hakuna aliyewahi kumpima kabla ya kumpa.

Nyumbani mama mkwe wake alimpokea mlangoni. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alichukua jiwe lililokuwa pembeni ya moto, akalifunga kwenye khanga kuukuu, akalikandamiza chini ya kitovu cha Sekela, upande wa kushoto.

"Yameshuka mpaka pajani, sivyo? Na huku nyuma, chini ya kiuno."

"Ndiyo, mama."

Sekela alifumba macho. Hakukumbuka kama aliwahi kumwambia habari ya paja.

Maumivu yalimwanza akiwa darasa la saba, mwezi uleule aliovunja ungo. Kidato cha nne yalimkosesha mtihani wa Hisabati, wenzake walikuwa wanageuza karatasi ukumbini, yeye alikuwa anatapika bwenini, na matroni akamfariji kwa neno ambalo angelisikia tena mara nyingi: "Ukizaa yataisha." Akaolewa na Lusajo, mtoto wa pekee wa mama aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya na kichanga mgongoni na ambaye hakuzaa tena. Miaka ikapita, Sekela hakushika mimba. Maumivu ambayo zamani yalikuwa ugonjwa wake peke yake sasa yakawa kesi ya ukoo.

Alishawahi kwenda hospitali moja, akapimwa utrasaundi juu ya tumbo. Mpimaji alifuta mafuta kwenye kile kifaa chake na kumwambia, "Kizazi kiko safi, dada. Punguza mawazo."

Usiku ule, sindano ilipoanza kuisha nguvu, alisikia sauti jikoni. Lusajo alikuwa amerudi.

"Mwanangu, nimenyamaza vya kutosha," mama yake alikuwa anasema. "Mwanamke haumwi hivi bure. Watu wa kwao Kiwira wanasema alikuwa na mambo yake akiwa shule."

"Mambo gani, mama?"

"Alitoa mimba. Na si moja. Sasa kizazi kinamdai."

Sekela aliketi kitandani. Jiwe lilishapoa, likaanguka sakafuni bila yeye kulijali.

"Jumamosi baba zako wanakuja," mama aliendelea. "Atasema mbele yao alitoa ngapi. Asiposema, atarudi kwao na mabeseni yake."

Sekela akasubiri mumewe akatae. Lusajo alikuwa mtu mpole, lakini alijua kukataa. Makuli wote wa Kyimo walijua hilo. Alisikia kiti kikivutwa, kisha kimya, kisha sauti ya Lusajo ikiuliza polepole:

"Nani amekwambia? Maana hata mimi nilishaambiwa."

ITAENDELEA

*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Sekela amesikia akituhumiwa kutoa mimba, na mumewe amekiri kwamba maneno hayo alishayasikia. Wazee wanakuja Jumamosi.

ENDELEA...

Alhamisi jioni kosta ya Mbeya ilimshusha Bupe pale stendi. Bupe alikuwa binti wa Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Lusajo, na kwa hiyo wifi yake Sekela. Kazi yake ilikuwa uuguzi, Mbeya mjini. Alikuwa ameitwa kwenye kikao kama mtoto wa nyumba. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Sekela, akavua viatu, akakaa kitandani.

"Wifi, pole. Sikuulizi unaumwa nini. Niambie unaumwa lini."

Kwa muda Sekela hakujua aanzie wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Siku mbili kabla ya damu, alisema, kisha siku zote za damu, na miezi ya karibuni hata kati ya hedhi moja na nyingine. Bupe akaendelea. Ukienda haja kubwa siku hizo? Ukikojoa? Ukiwa na mumeo? Sekela alijibu maswali mawili ya kwanza. La tatu alilijibu kwa kugeukia ukuta.

"Unaandika tarehe popote?"

"Naandika ndizi tu."

Akatoa chini ya mto daftari la mauzo, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kila siku ilikuwa na mstari wake: mikungu, bei, mkopo wa nani. Bupe alifunua ukurasa baada ya ukurasa, kisha akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia siku zisizo na mauzo. Machi, siku nne mfululizo. Aprili, nne. Mei, tano. Juni, tano, halafu nyingine mbili mwishoni mwa mwezi.

"Wifi," alisema, "ugonjwa wako umeuandika mwenyewe. Hakuna aliyeusoma."

Jumamosi wazee walikuja watatu, Baba Mkubwa akiwatangulia na fimbo yake. Mama Lusajo alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mama yake mzazi, bibi wa Masoko, naye aliitwa, ila miguu ilimkatalia kusafiri.

Mila ya zamani ya Kinyakyusa ilimkataza mkamwana hata kukutana njiani na baba mkwe. Akimwona kwa mbali alipaswa kuingia migombani ajifiche. Siku hizi watu wanapanda kosta moja, wanasali kanisa moja, lakini aibu ile haijaisha. Sekela alipiga magoti, khanga ameishusha mpaka kwenye nyusi.

"Shikamooni, baba."

"Marahaba, binti. Hatukuja kukuhukumu," alisema Baba Mkubwa. "Tumekuja kusikia. Mimba ulizotoa ni ngapi?"

"Baba, sijawahi kushika mimba. Hata moja." Sauti ilitetemeka, kisha ikakaa sawa. "Laiti ningewahi kushika, leo ningejua kwamba naweza."

Mzee mmoja alikohoa. Sekela akasogeza daftari kwa mikono miwili mpaka miguuni pa Baba Mkubwa. Mzee yule alikuwa karani wa ushirika enzi zake, na daftari la hesabu halikuweza kukaa mbele yake bila kufunguliwa. Alivaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikijumlisha.

"Hizi nyekundu ni hasara ya nini?"

"Ni siku nilizolala, baba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na hizi alama pembeni, alizoandika Bupe?"

Sekela aliinama zaidi. Bupe akamjibia baba yake: ni siku ambazo kwenda haja kubwa kwake ni kama kukalia kisu. Mama Lusajo, pale mkekani, aligeuza uso ukutani.

"Baba," Bupe aliendelea, "huu si ugonjwa wa mtu aliyetoa mimba. Mnamkumbuka Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001? Aliumwa hivihivi tangu usichana. Amesema hadharani kwamba amepasuliwa zaidi ya mara 10. Mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Yule naye alitoa ngapi?"

"Yule mrembo?" mzee wa tatu alishangaa.

"Yule mrembo."

Hapo Lusajo akasimama. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, na Sekela alishajiandaa kwa neno la kumfukuza.

"Baba zangu, mtanisamehe. Kuna mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya wazee, lakini leo nitayasema nusu. Tangu nimeoa, mke wangu analia akidhani nimelala. Nilidhani hanitaki. Watu waliponiambia habari za shuleni kwao nikaona ndiyo sababu. Sasa nimeona hizo nyekundu. Siku anazolia ninazijua, na ni hizohizo."

Baba Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akachukua muda mrefu kuirudisha.

"Aende hospitali kubwa," akaamua. "Lakini maneno ya mdomo hayatoshi. Arudi na karatasi. Mwisho wa mwezi ujao tutakuja hapa kuisoma, na bibi wa Masoko tutamfuata kwa gari."

Jumatatu alfajiri Sekela na Lusajo walipanda kosta. Kiwira ikapita, baridi ya Isyonje ikapita, na kwenye mteremko wa Uyole Lusajo alikuwa bado anasoma kwenye simu. Alisoma habari za mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, ambaye ugonjwa kama wa Magese ulimpanda mpaka kwenye mapafu. Alitibiwa kwa miaka, akafariki Juni 2024.

"Funga hiyo simu," Sekela alimwambia.

Meta ndiko wanakozalia wanawake wa Mbeya. Ni kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kwenye benchi Sekela alikaa kati ya matumbo makubwa, yeye peke yake na tumbo bapa na daftari la ndizi. Alipoitwa ndani, daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, mama mmoja wa makamo, alipokea daftari badala ya kuuliza, akalisoma mpaka mwisho.

"Nani alikufundisha kuweka kumbukumbu hivi?"

"Biashara, dokta."

"Biashara imekusaidia."

Akampima kwa mkono, taratibu, akimwonya kabla ya kila hatua. Kisha akamwambia kwamba utrasaundi ya juu ya tumbo haioni kila kitu, na akamwomba ridhaa ya kutumia ile ya kupitia ukeni. Sekela akakubali. Skrini iligeuzwa upande wa daktari. Kile kifaa kikaenda kulia, kikatulia, kikaenda kushoto, kikasimama. Daktari alibonyeza kitufe, akapima kitu kwa mistari miwili midogo. Akapima tena.

"Sekela, umekuja na nani leo?"

"Na mume wangu. Yuko nje."

"Mwite aingie. Hili nataka mlisikie wote wawili."

ITAENDELEA

*

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Daktari ameona kitu kwenye utrasaundi, na ameagiza Lusajo aitwe ndani.

ENDELEA...

Lusajo aliingia ameshika kofia kwa mikono miwili. Daktari aliigeuza skrini.

"Hapa ni kifuko cha mayai cha kulia, hiki ni kizima. Huku kushoto mnaona hili duara la kijivu? Ni uvimbe, karibu sentimita 6. Ndani yake kuna damu ya zamani, nzito, ya rangi ya kahawia."

"Ni saratani?" Lusajo aliuliza.

"Kwa jinsi unavyoonekana, hapana. Unaitwa uvimbe wa endometriosisi."

Akachora kwenye karatasi: mji wa mimba, mirija miwili, vifuko viwili. Ndani ya mji wa mimba kuna utando, akaeleza, ambao kila mwezi unajengeka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa baadhi ya wanawake, tishu inayofanana na utando huo inaota mahali isipopaswa: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Homoni za mwezi zikipanda na kushuka, nayo inaitikia na kuvuja damu, ila damu hiyo haina pa kutokea. Inavimbisha, inaacha makovu, makovu yanagandisha viungo ambavyo vingetakiwa viteleze. Ndiyo maana choo kinauma. Ndiyo maana ndoa inauma.

"Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana walio na huu ugonjwa ni asilimia 10 ya walio kwenye umri wa kuzaa, watu milioni 190 hivi. Kuupatia jina lake huchukua miaka mingi, kwa sababu kila mahali mgonjwa anaambiwa ni hedhi tu."

Sekela alikuwa analitazama lile duara. Mwishowe akauliza alichokuja nacho kutoka Kyimo.

"Dokta, hii inatokana na kutoa mimba?"

"Hapana. Wala haitokani na uchafu, wala uhuni, wala mtu aliyekuroga. Chanzo chake hasa sayansi bado inakitafuta. Inajulikana kwamba baadhi ya familia zinao zaidi. Kwenye karatasi yako nitaandika nilichokiona, na nilichokiona si alama ya mimba iliyotolewa."

"Lakini nilishapigwa utrasaundi, wakasema kuko safi."

"Mabaka madogo hayaonekani kwenye utrasaundi. Kipimo kikiwa safi, haina maana kwamba huumwi. Huo wako umekua mpaka umeonekana. Uthibitisho kamili unapatikana kwa upasuaji wa matundu madogo: tunaingiza kamera tumboni, tunaona kwa macho, tunachukua kipande kwenda maabara, na uvimbe tunautoa hapohapo."

"Na mtoto?" Lusajo aliuliza, sauti imeshuka.

"Wengi wenye ugonjwa huu wanazaa. Wengine wanachelewa, wengine wanahitaji msaada. Siwezi kukuahidi, na asije mtu akakudanganya kwamba mimba ndiyo dawa yake. Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana. Tunautuliza na tunautoa pale unapoleta madhara."

Lusajo alisema kila wiki yuko Dar es Salaam na ndizi, na dada yake mmoja wa ukoo anaishi huko. Daktari akaandika rufaa ya Muhimbili. Kisha akampima Sekela presha, akamuuliza kama huwa anaumwa kichwa cha upande mmoja chenye kuona vimulimuli, kama aliwahi kuganda damu mguuni. Majibu yote yalikuwa hapana. Ndipo akafungua droo, akatoa pakiti ambazo Sekela alizitambua mara moja. Mwanamke yeyote aliyewahi kupita kliniki angezitambua.

"Hivi si vya uzazi wa mpango?"

"Ndivyo. Vinalaza zile homoni. Mpaka siku ya upasuaji nataka usipate hedhi. Utameza vyeupe kila siku, saa ileile. Vya kahawia usiviguse. Vyeupe vikiisha, fungua pakiti nyingine."

"Dokta, mimi ninatafuta mtoto. Mama mkwe akiviona..."

"Najua. Kwanza tuokoe hicho kifuko cha mayai. Mtoto atahitaji mahali pa kutokea."

Kwenye kosta ya kurudi walikubaliana kutomwambia mama mpaka Lusajo atoke Muhimbili. Alhamisi iliyofuata Lusajo aliondoka na lori, rufaa na karatasi ya daktari vikiwa ndani ya bahasha, bahasha kwenye dashibodi. Angeulizia tarehe ya upasuaji na kurudi kabla wazee hawajakaa.

Wiki zikaenda. Tarehe 14 ikafika, na Sekela alipandisha mikungu mpaka lori likajaa. Yule mama wa maparachichi alimtazama kwa wasiwasi toka alfajiri mpaka saa nne, kisha akaja na parachichi kubwa mkononi.

"Leo hujaanguka. Umepata wapi dawa? Binti yangu yuko kidato cha pili, naye analala chini hivyohivyo."

Sekela akamweleza, kwa sauti ya chini, habari za Meta. "Kwanza mwambie aandike tarehe," alimaliza. Mama yule alimshika mkono. "Ndaga fijo, mwanangu."

Alirudi nyumbani ana furaha, hakugundua kwamba kopo la unga alimokuwa akificha pakiti lilikuwa limehamishwa rafu.

Mwisho wa mwezi ukaangukia Jumamosi. Lusajo alipiga simu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwamba lori limeharibika Makambako, na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Saa tatu asubuhi gari likasimama uani. Wazee watatu wakashuka, na nyuma yao, akiwa ameshikwa mikono na Bupe, akashuka bibi wa Masoko, mdogo, amejikunyata ndani ya shuka zito.

"Karatasi," alisema Baba Mkubwa walipokwisha kukaa.

"Baba, anayo Lusajo. Yuko njiani."

"Tulikubaliana karatasi."

"Karatasi haipo," alidakia Mama Lusajo kutoka mkekani, "lakini ushahidi upo." Akafungua fundo la khanga, akamimina mezani pakiti mbili. Vyumba vyote vya vidonge vyeupe vilikuwa vimepasuliwa. Vimebaki vya kahawia, safu mbili, havijaguswa. "Nimekwenda kuuliza dukani. Ni vya kuzuia mimba. Sisi tunapiga magoti kanisani tunamwombea mtoto, yeye anameza vidonge asizae! Na tumbo haliumi tena, mnaona? Alikuwa anaigiza!"

Wazee waligeukiana. Bupe akaanza kueleza. Baba Mkubwa akamnyamazisha kwa kiganja, maana hata yeye uso ulishabadilika. Sekela alitaka kusema habari za duara la kijivu, za sentimita 6, za damu isiyo na pa kutokea, lakini maneno ya daktari, bila karatasi, yalisikika kichwani mwake kama ya kubuni.

"Binti, umezimeza au hukuzimeza?"

"Nimezimeza, baba. Ni dawa yangu."

"Mmesikia!" Mama Lusajo alisimama. "Afungashe."

"Kaa chini."

Sauti ilitoka ndani ya shuka. Bibi wa Masoko alikuwa amechukua pakiti moja mezani, anaigeuzageuza karibu na jicho lake zima.

"Wewe ndiye uliyemkanda huyu mtoto kwa jiwe?" alimuuliza binti yake.

"Ndiyo, mama."

"Upande wa kushoto?"

Mama Lusajo hakujibu.

"Ulijuaje kwamba ni kushoto? Hilo jiwe nilikufundisha mimi, ulipokuwa unabiringika nyumbani kwangu kila mwezi, unauma mkeka usisikike na baba yako. Hata Chunya mlikwenda kwa sababu mumeo alichoka kusikia maneno ya watu."

"Mama, nakuomba..."

"Niliapa kunyamaza, nimenyamaza mpaka nimezeeka." Bibi aliirudisha pakiti mezani na kumgeukia Baba Mkubwa. "Mmekuja kumuuliza huyu mtoto ametoa ngapi. Sasa muulizeni na huyu wangu. Amezaa ngapi?"

Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Lusajo alikuwa amesimama hapo, viatu vimejaa tope la safari, bahasha ya Muhimbili mkononi.

"Bibi," alisema, "rudia hilo swali."

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Je, Lusajo ni mtoto wa nani, na bahasha imekuja na tarehe gani? Wakati unasubiri, msomaji, kama wewe, binti yako au mkeo analazwa na hedhi kila mwezi, anza leo kuandika tarehe na mahali panapouma, kisha nendeni na daftari hilo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Maumivu ya kukulaza chini si maumbile ya mwanamke. Ni ugonjwa, na unatibiwa.